Farasi wa Miungu na Jiko la Hekalu: Kisa cha Mfungo wa Siku Tisa Phuket

Mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina unapoandama, kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba, wakazi wengi wa mji wa Phuket, kusini mwa Tailandi, huvaa nguo nyeupe kwa siku tisa mfululizo, huacha nyama, samaki, mayai na pombe, na hulala mbali na wenzi wao. Katika siku hizo hizo mamia ya wanaume na wanawake hupandwa na miungu mahekaluni, hutobolewa mashavu kwa vyuma, kisha hutembea mwendo mrefu barabarani huku mate na damu vikiwachuruzika juu ya vitambaa vya hariri walivyofungwa kifuani. Watu wa mbali huijua sherehe hii kwa sehemu ya pili tu. Picha zinazosambaa duniani ni za shavu lililopitishwa upanga au mpini wa mwavuli, na anayezitazama huondoka akidhani kwamba hapo ndipo sherehe inapoanzia na kuishia. Uchambuzi huu unauliza swali moja: katika jamii hii, mtu aliyepandwa ni wa nani? Jibu ninaloliegemea ni kwamba ni wa jiko la hekalu na wa meza za sadaka za majirani. Umiliki huo ndio unaoeleza jinsi mila ilivyovuka kufa kwa migodi ya bati na kuja kwa watalii bila kusambaratika, na ndio unaoeleza pia kwa nini ugomvi unaoisumbua sasa unahusu ukubwa wa vyuma vinavyopitishwa mashavuni.

Homa ya Kathu

Masimulizi yanayotolewa na mahekalu ya Phuket huanzia Kathu, eneo la bara ya kisiwa ambako Wachina walichimba bati wakati msitu ulikuwa bado umelifunika bonde. Inasimuliwa kwamba mnamo 1825 kikundi cha waigizaji wa opera ya Kichina kilikuja kuwatumbuiza wachimbaji, kikakaa muda mrefu kwa kuwa migodi ilikuwa na fedha za kuwalipa, kisha waigizaji wakaanza kuugua homa mmoja baada ya mwingine. Wakakumbuka kwamba walikuwa wameiacha ibada ya Wafalme Tisa, miungu ya nyota, waliyoizoea kwao. Wakafunga, wakapika mboga tupu, wakaomba msamaha, na homa ikawaondoka. Wachimbaji walioshuhudia wakaipokea ibada hiyo na kuirudia mwaka baada ya mwaka. Baadaye mtu mmoja akajitolea kurudi China, katika jimbo la Jiangxi, akauchukue moto wa udi kutoka hekalu la asili, na inasemwa kwamba udi huo uliwashwa kijiti kwa kijiti ndani ya jahazi, usizimike hata mara moja, hadi ukafika bandari ya Bang Niao usiku wa siku ya saba ya mwezi wa tisa.

Simulizi za chimbuko huwa zimesuguliwa na vizazi, na hii haina haja ya kuthibitishwa kila neno ili iwe na faida kwa mchambuzi. Kinachostahili kuangaliwa ni kile inachokitaja na kile inachokinyamazia. Inataja homa, ugonjwa wa mahali na wala si wa mtu mmoja, jambo linalosadikika kabisa kwa watu waliokata msitu na kuacha mashimo yaliyojaa maji ya mvua. Inataja deni la kikundi kizima, lililolipwa kwa sufuria na kwa kujinyima. Inataja moto unaopokezanwa. Haimtaji mtu yeyote aliyejitoboa. Ukimwuliza mzee wa hekalu mila ilianza vipi, atakusimulia habari za chakula na udi, na wala hatakwenda kwanza kwa wale wanaopigwa picha.

Liko pia jambo dogo linaloipa simulizi hii uzito. Mungu mkuu wa hekalu la Jui Tui, mojawapo ya mahekalu makubwa zaidi ya mjini Phuket, ni Tian Hu Nguan Soi, ambaye Wachina wa kusini humheshimu kama mlezi wa waigizaji na wanamuziki. Kwa nini mji wa wachimbaji na wafanyabiashara umweke mungu wa wasanii juu ya madhabahu yake kuu? Simulizi ya kikundi cha opera hujibu swali hilo kwa urahisi kuliko maelezo mengine.

Wachimbaji wenyewe wengi walikuwa Wahokkien, wenye asili ya Fujian, na sehemu yao walipitia Penang, bandari ya Malaysia ya leo iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Phuket kwa biashara, ndoa na mikopo. Walijipanga katika vyama vya siri vilivyowapa kazi, ulinzi na mazishi, na vilivyopigana pia. Mwaka 1876 ghasia za wachimbaji zilikithiri hata wanakijiji wakakimbilia hekalu la Kibuddha la Chalong, ambako mtawa Luang Pho Chaem aliwaongoza kujihami. Heshima yake haijafifia hadi leo. Naitaja habari hii kwa sababu mfungo wa siku tisa ulikulia katika jamii ya aina hiyo: wanaume wengi wasio na wazee wao karibu, wenye fedha msimu huu na mikono mitupu msimu ujao, ambao hawakuwa na serikali ya kuikimbilia. Ibada iliyowataka wote wavue silaha, waoge, wavae nyeupe na kula chungu kimoja kwa siku tisa haikuwa pambo kwao.

Mlingoti, fanusi na askari wasioonekana

Wafalme Tisa, kwa Kihokkien Kiu Ong, wanahusishwa na kundi la nyota ambalo Wachina huliita Upawa wa Kaskazini: nyota saba zinazoonekana na mbili zisizoonekana kwa macho ya kawaida. Mama yao ni mungu wa kike wa nyota hizo, nao huhusishwa na vitabu vya uhai na mauti. Hivyo anayefunga kwa ajili yao anaomba jambo mahususi, yaani siku zake duniani ziongezwe au zisipunguzwe.

Alasiri ya mkesha kila hekalu husimamisha mlingoti mrefu uitwao go teng. Saa sita ya usiku fanusi tisa huwashwa na kuvutwa hadi juu, ili Mfalme wa Mbinguni, Yok Ong Song Te, na Wafalme Tisa waijue njia ya kushukia. Kuanzia hapo hekalu huhesabiwa kuwa lina wageni. Kwa kuwa wageni wa cheo hawasafiri bila ulinzi, huitwa pia majeshi ya mizimu kutoka pande tano, kila jeshi likiwa na bendera yake: kijani ya mashariki, nyekundu ya kusini, nyeupe ya magharibi, nyeusi ya kaskazini na ya manjano ya katikati. Katika siku zilizowekwa askari hao hulishwa, na farasi wao huwekewa majani na maharage. Mtu asiyeona chochote uwanjani ila sinia za chakula na rundo la majani mabichi anaweza kutabasamu, lakini mantiki yake haina kasoro: aliyealika jeshi ana wajibu wa kulilisha, na asipolilisha litajilisha lenyewe.

Jiko linafanya kazi kwa mantiki hiyo hiyo. Chakula cha mfungo hakina nyama wala mazao ya mnyama, na hakina vitunguu saumu, vitunguu maji na mimea mingine yenye harufu kali ambayo inaaminika kuchochea hasira na tamaa. Vyombo vilivyopikiwa nyama havitumiki. Wanaojitolea hupika hekaluni tangu kabla ya alfajiri, na familia zilizojiandikisha na kutoa sadaka ya mchele, mafuta au fedha hutuma mtu na chombo cha kubebea chakula, kile chenye mabakuli yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, kikajazwe na kurudishwa nyumbani. Wahokkien wa Phuket huiita sherehe nzima kwa maneno mawili, chia chai, yaani kula mboga. Jina hilo limetoka jikoni, na ndilo lililozaa lile la watalii, Tamasha la Wala Mboga.

Masharti mengine yanagusa mwili na mwenendo. Anayefunga hujizuia na ngono na pombe, na hutakiwa kuuzuia ulimi. Waliofiwa, wajawazito na wanawake walio katika hedhi wanaombwa wasihudhurie ibada. Sharti hili la mwisho linaleta utata ambao mahekalu hayaonekani kuwa na haraka ya kuutatua, kwa kuwa wapo wanawake wanaopandwa na miungu na kutembea mbele ya maandamano kwa heshima kamili.

Anayepandwa

Mtu anayepandwa huitwa kwa Kithai ma song. Ma ni farasi. Song, katika matumizi haya, ni kuingiwa na kukaliwa na mzimu. Mwenyeji wa Tanga au Unguja hatahitaji maelezo mengi, kwa maana kwake pia pepo humpanda mtu kichwani, na mtu huyo huitwa kiti. Lugha mbili zisizojuana zimelichagua jambo lile lile: mwili wa binadamu ni kitu cha kukaliwa, na anayeukalia ndiye anayesema. Hata hivyo mfanano usitufanye tuache kutazama. Pepo wa pwani kwa kawaida huja na madai yake kwa mtu mmoja na jamaa zake, anataka kombe, ubani au ngoma, na mganga hukaa naye kitako wakapatana. Mungu anayempanda farasi wa Phuket ana cheo kinachojulikana na watu wote, ana sanamu hekaluni, na akija huja kwa kazi ya mtaa mzima.

Namna ya kuitwa ina sura kadhaa. Wapo wanaosimulia kwamba waliugua, au waliota, au waliambiwa kuwa umri wao ulikuwa umekaribia kwisha, na kwamba kumtumikia mungu ndiko kulikowaongezea miaka. Wapo wanaosemwa kuwa wamechaguliwa kwa tabia zao njema. Wengi ni watu wa kawaida, madereva, wauzaji, mafundi, wanafunzi, na wengi wao hurudi kwenye kazi zao mfungo ukiisha. Si wote wenye asili ya Kichina. Jambo linalosisitizwa katika simulizi zao ni kwamba hakuna aliyejichagulia. Naona msisitizo huu una kazi ya kijamii: mtu aliyejichagulia anaweza kudai malipo au sifa, ilhali aliyechaguliwa hana la kudai.

Asubuhi ya maandamano, mbele ya madhabahu yenye moshi mzito wa udi na ngoma zisizonyamaza, farasi huanza kutikisa kichwa, kwanza polepole, kisha kwa kasi inayomtisha mgeni. Wasaidizi wake humshika, humvika vazi la mungu aliyempanda na kumkabidhi silaha yake: upanga, shoka, au bendera nyeusi. Kwa mwendo na sauti watu humtambua aliyekuja. Mungu-vita hutembea kwa kishindo, tumbili wa mbinguni hujikuna na kurukaruka, na mungu mtoto husema kwa sauti nyembamba na kugawa peremende. Lugha inayotoka kinywani mara nyingi ni Kihokkien cha zamani au maneno yasiyoeleweka na wengi, hivyo msaidizi huwa ndiye mkalimani. Msaidizi huyo hatajwi katika maelezo ya picha, lakini bila yeye mungu angekuwa bubu na farasi angekuwa hatarini, kwa sababu ndiye anayelipangusa shavu, anayelibeba chuma lisiyumbe, na anayejua kama farasi amechoka kabla ya mungu kusema.

Kutoboa hufanywa baada ya kupandwa. Wenye mikono mizoefu, siku hizi wakiwa wamevaa glavu, hupitisha chuma chenye ncha kwenye shavu moja au yote mawili, kisha kitu kikubwa zaidi hufuata pale ambapo farasi huyo amekusudiwa kukibeba. Maelezo ya ndani ya kitendo hiki ni kwamba mungu huupokea mwilini mwa farasi mkosi ambao ungewaangukia watu, na kwamba maumivu hayahisiwi wakati mungu yupo. Wanaoshuhudia husema damu hutoka kidogo kuliko mtu anavyotazamia. Mtu anaweza kuyapokea maelezo haya au kuyakataa, lakini asipoyajua ataona mateso matupu, na atakosa kuelewa kwa nini mama mzima amefika barabarani alfajiri na mjukuu wake ili wabarikiwe na kijana mwenye upanga mdomoni.

Baadhi ya wataalamu wamehusisha utobozi huu na Thaipusam, sherehe ya Wahindu wa Kitamil inayofanywa pia Penang, ambako waumini hutoboa mashavu na ulimi kwa mikuki midogo. Kwa mji ambao mabaharia na wafanyabiashara wake walikuwa wakienda na kurudi Penang, wazo hilo halina ajabu.

Meza zilizo mlangoni

Anayetaka kujua thamani ya farasi asimtazame usoni, atazame anakosimama. Maandamano hutoka hekaluni na kupita katika barabara za mji mkongwe, kila hekalu kwa siku yake. Mbele ya nyumba na maduka huwekwa meza ndogo iliyotandikwa kitambaa chekundu, na juu yake vikombe tisa vidogo vya chai, matunda, maua, peremende na chetezo cha udi. Mwenye nyumba na watu wake husimama nyuma ya meza hiyo viganja vikiwa vimeunganishwa. Farasi akifika husimama, hubariki meza, huchukua tunda na kumpa mtu aliye karibu, humgusa mtoto kichwani kwa bendera, au humfunga mtu uzi mkononi. Kisha huenda meza inayofuata. Nyuma yake huja machela zenye sanamu za miungu, zikibebwa na vijana waliojifunga taulo vichwani, na watu huziangushia fataki zilizoning'inizwa kwenye miti mirefu hadi barabara nzima inafunikwa na moshi na karatasi nyekundu. Vijana hao huungua. Kovu la fataki begani ni jambo la kawaida kwa mwanamume wa Phuket aliyewahi kubeba machela.

Hapo meza ndiyo inayomsimamisha mungu. Mwenye nyumba hakuenda hekaluni kuomba nafasi; aliweka vikombe tisa, na kwa sheria ya mila farasi hana budi kusimama. Mtaa usioweka meza hausimamishi mtu. Naweza kusema, bila kuzidisha, kwamba safari ya farasi imechorwa na mamia ya wanawake wa nyumbani walioamka mapema kupanga matunda, kwa kuwa hao ndio mara nyingi wanaoandaa meza, na kwamba ushujaa unaopigiwa makofi barabarani ni huduma inayotolewa kwao.

Usiku, ndani ya viwanja vya mahekalu, mambo mengine hufuata. Farasi hupanda ngazi ambayo vipandio vyake ni visu, na hupita juu ya makaa ya moto. Kwenye makaa, waumini wa kawaida waliofunga vizuri huruhusiwa kuwafuata. Karibu na mwisho watu huvuka daraja dogo lililojengwa kwa ajili hiyo, likiaminika kumwacha mvukaji akiwa amesafika na mikosi ya mwaka, na akishuka upande wa pili hupigwa mhuri mwekundu mgongoni mwa shati lake jeupe. Wengi hawalifui shati hilo.

Bati lilipokwisha

Mwaka 1907 Mwaustralia Edward Miles alileta Phuket mashine ya kwanza ya kuchimba bati chini ya maji nchini humo, na kwa miongo mingi madini hayo yaliendelea kuwalisha matajiri na vibarua wa kisiwa, pamoja na mahekalu yao. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likiitegemeza bei ya madini hayo, lilishindwa kulipa madeni yake na bei ikaporomoka. Juni 1986 umati mjini Phuket ulikichoma kiwanda cha kusafisha tantali, madini yanayopatikana katika mabaki ya bati, kwa kuhofia sumu na kwa kuhofia kwamba wageni wa fukwe wangekimbia. Sijui tukio jingine linaloonyesha wazi zaidi mji ulivyokuwa umegeuza uso kutoka shimoni kwenda ufukweni.

Mfungo ulioasisiwa kwa homa ya wachimbaji ungeweza kufa na migodi. Haukufa. Mamlaka ya utalii iliutangaza, ratiba za maandamano zikachapishwa kwa wageni, na wafungaji wakaongezeka pamoja na watazamaji. Wapo wanaosema kwamba fedha ndiyo iliyouokoa, na wapo wanaosema kwamba fedha ndiyo iliyouharibu. Kauli zote mbili zinaurukia mpango wa ndani. Mtalii hanunui tiketi ya kumwona farasi. Hapangi saa ya mlingoti wala siku ya mungu kuondoka, kwa sababu kalenda ya mwezi haijali msimu wa hoteli. Chakula kinachouzwa mbele ya mahekalu, kwenye vibanda vyenye vibendera vya manjano vilivyoandikwa kwa wekundu, kinamletea mchuuzi faida, ila hata mchuuzi huyo hulazimika kupika kwa masharti ya mfungo, la sivyo wafungaji wa mtaa ndio watakaoacha kununua kwake. Fedha imeingia kupitia mlango wa jiko, na jiko likaipa masharti yake.

Mlango ambao haukuwa na bawabu ulikuwa wa shavu. Tuyalinganishe majaribio ya mwili yaliyomo katika sherehe hii. Ngazi ya visu hujengwa na hekalu, ina vipandio vilivyohesabiwa, na anayepanda leo hupanda ile ile aliyopanda mwenzake. Makaa hutandikwa na hekalu, na kila mmoja hupita upana ule ule. Kwa majaribio hayo hakuna anayeweza kumzidi mwenzake kwa ukubwa wa kifaa. Chuma cha shavuni ni tofauti: kinaletwa na farasi mwenyewe au wasaidizi wake, na hakuna kipimo cha kale kinachosema kiishie wapi. Mara kamera zilipokuwa nyingi, vyuma vikaanza kukua. Zikaonekana baiskeli, miavuli iliyofunguliwa, mabunduki ya kuigiza, mabomba marefu yanayohitaji watu wawili kuyashika. Wazee wa mahekalu wamelalamika hadharani kwamba vitu hivyo havina uhusiano na silaha za mungu yeyote, na maofisa wa afya wamesisitiza usafi wa vifaa na kutochangia vyuma, kwa kuwa magonjwa ya damu hayamjui mungu wala mtalii.

Mahekalu yamejibu kwa njia yanayoijua, ile ya daftari. Farasi hutakiwa kujiandikisha katika hekalu lake, ajulikane anapandwa na mungu gani na nani ni wasaidizi wake, na vikundi vya tiba huandamana nao. Mtu wa nje anaweza kuona ni kichekesho kumwandikisha mungu kama abiria. Kwangu huu ndio ukurasa muhimu kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu unalisema wazi jambo ambalo mila ilikuwa ikilifanya kimya kimya: hakuna mungu wa mtu binafsi hapa. Farasi asiye na hekalu hana mlingoti uliomshusha mungu wake, hana jiko lililomlisha, na hana askari waliomlinda njiani; ana chuma tu. Jirani aliyeweka vikombe tisa mlangoni ana haki ya kujua kama aliyesimama mbele yake ametumwa.

Swali la nani ni mkweli halijaisha kwa daftari. Watu wa Phuket huulizana, na huulizana kwa sauti, kama huyu alipandwa kweli au alikunywa kikombe cha ujasiri. Wanatazama mambo ambayo kamera haiyatilii maanani: alivyofunga kabla ya siku, jinsi anavyoitendea meza ya maskini na ya tajiri, kama husimama kwenye vichochoro visivyo na watazamaji. Aliyebeba sindano moja nyembamba na kuzunguka meza zote anaweza kuheshimiwa kuliko aliyebeba fremu ya baiskeli na kukata njia mapema.

Usiku wa tisa maandamano ya mahekalu huelekea Saphan Hin, ukingoni mwa bahari, kuwasindikiza Wafalme Tisa. Fataki hulia mfululizo hata mazungumzo hayawezekani, na watu hupiga magoti kuelekea majini wakiwa na vijiti vya udi, mahali karibu na njia ya bahari ambayo inasemwa moto wa kwanza ulipitia. Farasi huwa miongoni mwao, ila sasa wako mchangani pamoja na wote. Kesho yake mlingoti hushushwa, askari wa pande tano huagwa warudi makwao, na wapishi husugua masufuria ya hekalu na kuyafungia stoo. Katika soko la Barabara ya Ranong, hatua chache kutoka Jui Tui, nyama ya nguruwe hurudi mezani asubuhi hiyo, na kijana mwenye plasta shavuni husimama foleni kama mteja mwingine yeyote.